Geti Kwanza, Mstari wa Katikati Baadaye

Miaka yangu minne ya mwanzo kazini, kila barabara niliianzia pale ambapo programu ya kusanifia barabara inakutaka uanzie: mstari wa katikati. Unafungua Civil 3D, unaingiza vipimo vya saveya, unapata uso wa ardhi. Juu yake unachora mstari wa katikati na kona zake. Unaisoma ardhi chini ya mstari huo, unapata profaili ya ardhi ilivyo, yaani mchoro wa inavyopanda na kushuka, kisha unachora yako, leveli unazotaka barabara ipite. Mwisho unatengeneza umbo la barabara, yaani lami, kingo za zege, njia ya waendao kwa miguu na mtaro, na programu inalikokota umbo hilo kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Hiyo ndiyo korido. Ukivuta profaili juu kidogo, mikato yote, yaani michoro ya barabara ikikatwa kwa upana, inajipanga upya, mitaro inafuata, hesabu ya udongo inabadilika hapo hapo.

Nilipoiona ikifanya hivyo mara ya kwanza nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, katika ofisi ndogo ya wahandisi washauri pale Ngara, Nairobi, ghorofa ya tatu. Nilibaki mezani hadi saa mbili usiku nikivuta profaili juu na chini ili nione mitaro ikicheza. Matatu za kurudi nyumbani zilikuwa zimepungua, sikujali. Niliipenda kazi hii usiku ule na ninaipenda mpaka leo.

Lakini mpangilio ule, mstari, profaili, umbo, korido, ni mpangilio wa barabara inayopita mahali pasipo na watu. Chuoni tulisoma mwongozo wa usanifu wa barabara wa Kenya wa 1979, na hata jina la sehemu yake ya kwanza linasema wazi kwamba ni wa barabara za mashambani. Mimi niliuchukua mpangilio wa mashambani nikaupeleka mtaani, na ilichukua geti moja la mabati ya buluu kunionyesha nilichofanya.

Kabla ya geti kuna mambo mawili niliyofunzwa na makosa, nayo yanahusiana na kilichotokea baadaye.

La kwanza ni sifuri. Faili ya saveya ni safu za namba: namba ya pointi, mashariki, kaskazini, leveli, na kifupi cha kueleza ni kitu gani kilichopimwa. Kwa Nairobi namba ya kaskazini inaanzia milioni tisa na laki nane, ile ya mashariki laki mbili na zaidi, na leveli, upande wa mashariki wa jiji, ni mita 1,500 na ushei kutoka usawa wa bahari. Katika mradi wangu wa pili, pointi mbili kati ya elfu tatu zilikuja bila leveli. Programu haikuuliza. Iliziweka kwenye sifuri, usawa wa bahari ya Mombasa, na katikati ya mtaa kukawa na visima viwili vyenye kina cha zaidi ya mita elfu moja na mia tano. Ukitazama kutoka juu huoni shimo. Unaona doa jeusi tu, kontua, mistari ya leveli, zilizobanana, nami nilidhani ni maandishi yaliyolaliana. Hesabu ya udongo ikatoka: mita za ujazo laki tatu za kujaza, kwa barabara isiyofika hata kilomita tatu. Niliziandika kwenye ripoti.

Injinia wetu mkuu hakunigombeza. Aliisoma ile namba, akanyamaza, kisha akauliza, "Hayo ni malori mangapi?" Kwa lori la mita za ujazo kumi, malori elfu thelathini. Nilipolitamka jibu kwa sauti yangu mwenyewe ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimempelekea. Tangu siku hiyo kila hesabu ya udongo naigeuza kwanza kuwa malori, kisha najiuliza kama mtaa ule ungeweza kuyabeba. Na kila uso wa ardhi nauzungusha kwa pembe, nautazama kutoka ubavuni kama mtu aliyelala chini, kabla sijachora hata mstari mmoja juu yake.

Hapo pia ndipo nilipojifunza kuhusu pembetatu. Programu inaunganisha pointi zilizo karibu kuwa pembetatu, basi. Haijui kwamba pointi hii ni mdomo wa mtaro na ile ni sakafu yake. Usipoiambia, itaunganisha mdomo wa kushoto na mdomo wa kulia ikapita juu ya mtaro kama daraja, halafu hatua tatu mbele itazama ndani, na mtaro ulionyooka utatoka na meno kama msumeno. Dawa yake ni brekilaini, mstari unaoiambia pembetatu isivuke hapa. Brekilaini nzuri huanzia mguuni mwa saveya: lazima atembee ukingoni mwa mtaro akipima mfululizo, si kurukaruka. Nilikaa naye siku mbili juani nikimshikia fimbo yenye kioo cha kupimia, na zile siku mbili zilinifaa kuliko mafunzo yote ya video niliyowahi kutazama.

La pili ni koodineti, namba zinazosema pointi iko wapi. Ramani nyingi za zamani za Kenya ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, lakini GPS inazungumza WGS84. Pointi ile ile ya ardhi, hapa Nairobi, inatofautiana katika mifumo hiyo kwa karibu mita 300 kaskazini na kusini, na karibu mita 90 mashariki na magharibi. Mita mia tatu Nairobi ni mtaa mwingine kabisa. Tofauti kubwa namna hiyo angalau inaonekana. Ya kuogopwa ni pale mtu anapoiona, akachukua mchoro akausogeza kwa mkono mpaka ukalaliana na picha ya droni "vizuri tu". Huo uzuri wa macho unaweza kubakiza mita moja na nusu, nawe utajenga mtaro ndani ya ploti ya mtu. Sisogezi mchoro kwa mkono. Nabadilisha mfumo kwa hesabu yake, kisha namtuma mtu akasimame kwenye benchimaki, alama ya vipimo tunayoijua. (Kwa wanaojali mambo haya: Nairobi iko mbali na mstari wa katikati wa kanda yake ya ramani, ya 37 Kusini, hivyo ramani inavuta umbali, lakini jiji liko juu sana, na urefu huo unaurudisha. Viwili hivyo karibu vinafutana, kwa hiyo kilomita ya kwenye mchoro na kilomita ya chini zinatofautiana kwa sentimita chache tu. Hiyo ni ya Nairobi, usiibebe ukaenda nayo Mombasa.)

Sasa geti.

Barabara yenyewe ilikuwa ya kilomita 2.4, ikichepuka kutoka Kangundo Road kuingia mtaani. Ilikuwa ya udongo, tukaagizwa kuitia lami. Hifadhi yake, ardhi iliyotengewa barabara, ilikuwa mita 12 ukuta kwa ukuta. Udongo wa upande ule ni mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa kiangazi; huwezi kujenga juu yake, unautoa na kuleta changarawe badala yake, halafu unaanza kupanda na matabaka ya barabara. Nilichora lami ya mita 6, kingo za zege, njia za miguu pande zote mbili na mitaro ya kufunikwa. Kisha nikafanya nilichofundishwa: nikasawazisha udongo wa kuchimba na wa kujaza ili gharama ishuke. Nilivuta profaili kwa siku nzima mpaka vilima vikalainika na namba mbili zikakaribiana. Programu haikunipa onyo hata moja. Kona zilifaulu, mabonde na vilele vilifaulu.

Niseme jambo kuhusu kufaulu huko. Vigezo vinavyokuja na programu hii ni vya AASHTO, chama cha maafisa wa barabara kuu cha Marekani. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa vinataka uone mita 65 mbele yako ili uweze kusimama, na kilele cha barabara kiwe na thamani ya K, kipimo cha jinsi kilivyolainika, isiyopungua 7. Ni vigezo vizuri, na vyote vinamhusu mtu aliye ndani ya gari. Hata upande wa kuendesha ni lazima uuambie kwenye mipangilio, maana ukiiacha inaweza kudhani tunaendesha kulia. Hakuna kigezo kinachouliza: mwenye nyumba atatokaje?

Ukuta na geti havikuwa ndani ya modeli yangu. Vilikuwepo kwenye mchoro wa bapa, mistari ya kijivu isiyo na leveli. Kwa hiyo mahali ambapo barabara ilipanda juu ya ardhi, programu iliteremsha mteremko wa kando taratibu mpaka ukagusa ardhi, ikaupaka kijani. Mkato kwa mkato, kijani kizuri. Nusu ya kijani hicho kilikuwa ndani ya nyua za watu.

Fomani alinipigia simu Jumanne asubuhi. "Madam injinia, kuja uone kitu." Hakusema zaidi.

Mkandarasi alikuwa amefika mita 320. Changarawe ilikuwa imeshindiliwa, kingo zimeanza kupangwa. Palikuwa na geti la mabati ya buluu, na nyuma yake ploti yenye vyumba vinane vya kupangisha. Geti lile lilikuwa linafunguka kwa nje. Njia ya miguu niliyoichora ilisimama mbele yake sentimita 45 juu ya kizingiti, na geti halikufunguka. Wapangaji walikuwa wanatokea kwenye upenyo wa upana wa bega, wakipanda kwa jiwe. Mtoto wa shule alipitishwa juu mikononi. Na usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Maji yote ya barabara yaliyokuwa yakipita mbele ya geti sasa yalishuka ndani. Magodoro yalikuwa yameanikwa kwenye ukuta.

Mwenye ploti, mama wa makamo, alikuwa anafagia matope kuyaelekeza nje, na matope yalikuwa yanarudi. Alinitazama kuanzia buti hadi kofia.

"Ni wewe injinia?"

"Ni mimi, mama."

"Hii barabara mlitupimia sisi, ama mlipimia magari?"

Nilimwambia pole. Nilimwambia nitarekebisha, kabla sijajua kama ninaweza. Kisha niliendelea kutembea hadi mwisho wa mradi, kilomita mbili zilizobaki, nikitazama kila geti kama kitu ambacho sikuwahi kukiona, na kweli sikuwa nimekiona.

Saveya alirudi keshoye. Tulipima mageti yote, 131, kwa siku tatu. Kwa kila moja: leveli ya kizingiti, upana, linafunguka ndani au nje, sakafu ya ua iko juu au chini ya kizingiti, na maji ya ua yanatokea wapi. Mageti tuliyapa kifupi chao kwenye faili, GT. Mambo mengine yalijitokeza tukiwa pale: mabomba ya maji yaliyopita juu juu, nguzo za stima, kibanda cha mama mboga kilichoegemea ukuta tuliodhani ni wazi.

Programu ina uwezo wa kuchukua pointi na kuzitupia kwenye profaili, kila moja mahali pake na kwa leveli yake. Niliweka mageti ya kushoto rangi nyekundu, ya kulia buluu. Yalipojitokeza, sikuhitaji maelezo tena. Mstari wangu mlaini ulikuwa unapita juu yao. Kati ya mageti 131, 38 yalikuwa chini ya njia ya miguu. Ilikuwa kitu cha kuonekana kwa dakika moja, na kwa miezi mitano hakuna aliyekiona kwa sababu hatukuwa tumeyaleta mezani.

Basi nikaufuta mstari nikaanza kutoka kwa geti kurudi katikati. Hesabu yenyewe ni ya penseli. Njia ya miguu ya mita 1.5 inainama kuelekea barabarani kwa asilimia 2.5, hiyo ni sentimita nne hivi. Ukingo wa zege unashuka 15. Kutoka ukingoni lami inapanda kuelekea katikati mita 3 kwa asilimia 2.5, unarudisha 7.5. Kwa hiyo katikati ya barabara lazima ikae angalau sentimita 11 na kidogo chini ya kizingiti cha geti. Ukifanya hivyo kwa kila geti unapata dari ya vitone, na profaili yako kazi yake ni kupita chini ya dari hiyo huku ikishuka vya kutosha maji yatembee. Sikubali chini ya nusu asilimia penye kingo za zege.

Penye shida ni pale mageti ya kushoto yako chini kuliko ya kulia kwa nusu mita. Barabara yenye mgongo katikati haiwezi kuwaridhisha wote. Hapo niliinamisha lami yote upande mmoja. Kwa mita 6 hiyo inameza sentimita 15, na zilizobaki nilizimaliza kwenye njia ya miguu na vijia vya kuingilia, kimoja kimoja, kila kimoja kikichorwa peke yake. Siku mbili kwa vijia 22. Hakuna njia ya mkato niliyoipata, na sitaki kumdanganya mtu kwamba ipo.

Kisha kukaja jambo lililonikosesha usingizi. Ukibadilisha barabara kutoka mgongo kwenda mwinamo wa upande mmoja, kuna mahali ambapo upande unaogeuka unapita kwenye sifuri, bapa kabisa. Hilo si kosa, kila barabara ina mahali hapo. Lakini ikitokea mahali pale pale profaili nayo iko karibu bapa, sifuri mbili zimekutana, na maji hayana pa kwenda. Mashariki ya Nairobi ni tambarare, sifuri mbili hukutana kirahisi. Ndani ya programu kuna kifaa cha kudondosha tone la maji juu ya uso na kuchora njia litakayofuata. Nilidondosha tone kila mita tano, barabara yote, kushoto na kulia. Kwenye cheneji 1+460, yaani mita 1,460 kutoka mwanzo wa barabara, matone yalisimama. Nilisogeza mgeuko mita 30 kuelekea kwenye mteremko, nikadondosha tena, yakatembea mpaka kwenye kalvati ya kijitoni, mahali ambapo sasa nilikuwa nimehakikisha ndipo penye bonde la profaili. Toleo la kwanza bonde lilikuwa mita 70 kutoka kwenye kalvati, kwa sababu ndipo udongo ulipojisawazisha.

Kwa gharama, ile hofu yangu ya kuchimba zaidi ilikuwa nusu tu ya ukweli. Udongo mweusi tulikuwa tunautoa hata hivyo. Barabara iliposhuka, changarawe ya kujazia ilipungua, na hiyo ndiyo ilikuwa ya bei kubwa. Zilizouma ni zile mita 320 zilizochimbuliwa upya, na mikutano ya nani alipe, ambayo sitaieleza. Nilikaa kwenye mikutano hiyo nikajibu kila swali kuhusu mchoro kwa kuwa sahihi iliyokuwa chini yake ni yangu.

Siku hizi nikipokea kazi ya mtaani, sifungui profaili mpaka nipate mambo matatu: mageti, mahali maji yanapotokea, na kuta zikiwa na leveli zake za chini, zimeingia kwenye uso kama brekilaini. Mikato nayo siikati kila mita 25 kama zamani. Naiongezea mkato penye kila geti, hata korido iwe nzito na kompyuta ikoromee. Vijana wa ofisini wanaona ni kazi nyingi kwa barabara ndogo. Nawaambia barabara ndogo ndiyo yenye watu karibu. Barabara kuu inaweza kwenda nusu kilomita bila geti. Mtaani ukinyoosha mikono miwili umegusa mawili.

Wiki hii kuna faili mpya, mtaa mmoja kule Mwiki. Pointi 4,112. Kabla ya kuziingiza nilizichuja kwanza nikazitoa GT peke yake: 207. Moja, upande wa kushoto karibu na cheneji 0+880, haina leveli. Nimempigia saveya. Anasema geti hilo lilikuwa limefungwa na mbwa walikuwa nje, atarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla wenyewe hawajatoka kwenda kazini.